Faraja wa Kilambo, Mcheza Kikapu Aliyevuka Ruvuma

Baba Paroko, masista, wazee wetu wa Chikongola na wa Kilambo, majirani, wanamichezo mliokuja na jezi zenu kama alivyoomba mwenyewe, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia ya marehemu Mzee Kasiani Chitanda inawasalimu, na imemtuma Fredi, mdogo wa mwisho wa Faraja, asimame hapa asome maisha ya dada yetu kama tulivyoyaona na kama alivyotusimulia, kwa maana mwezi Machi mwaka huu alimwita kitandani, akamwambia achukue kalamu, akamsahihisha tarehe moja baada ya nyingine, na aliposikia ameandikwa kuwa mtu asiyejua kukasirika, alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Futa hiyo, watu watadhani mnamzika mwingine."

Faraja Kasiani Chitanda alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1978, katika kijiji cha Kilambo, wilaya ya Mtwara, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne wa Kasiani, aliyekuwa mpakiaji wa mizigo katika bandari ya Mtwara, na Martha, ambaye tunaye hapa mbele yetu. Wazazi walikuwa wakiishi Chikongola mjini, lakini kwetu mwenye mimba ya kwanza huenda kujifungulia kwa mama yake, hivyo Mama Martha alipanda lori lililokuwa likifuata muhogo, akaenda kwa mama yake, Bibi Atanasia, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na kivuko, na ukisimama mlangoni pake uliiona Msumbiji ng'ambo ya maji. Bibi Atanasia mwenyewe alikuwa mzaliwa wa huko ng'ambo, Mueda, na alivuka mwaka 1955, akiwa msichana mwenye mimba, yeye na mumewe wakikimbia kulimishwa pamba kwa nguvu chini ya Wareno, akamzaa Mama Martha hapahapa Kilambo, na tangu hapo hakurudi tena kwao. Tunaomba mlishike hilo, maana bila hilo mengine hayataeleweka.

Faraja alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1986 katika shule ya msingi pale Chikongola, na akiwa darasa la nne tayari alikuwa amempita mwalimu wake wa hesabu kwa urefu, jambo lililomletea mateso, kwa kuwa wenzake walimwita Ngongoti, kama wale wachezaji wetu wa ngoma wanaotembea juu ya miti mirefu, wakampigia na makopo akipita. Siku moja alirudi nyumbani analia, akasema shule haendi tena, na Mzee Kasiani, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alimtazama toka juu mpaka chini, akamwambia, "Ngongoti anahangaika kufunga miti miguuni ili watu wamwone, wewe Mungu amekufungia mwenyewe, unalia nini?" Alikwenda shule kesho yake, ingawa alituambia kwamba alijikunja mgongo kwa miaka mingine mitatu ili aonekane mfupi.

Aliyemnyoosha mgongo ni Mwalimu Mikaeli Haule, mkufunzi wa chuo cha ualimu, mwenyeji wa Songea, Mungu amrehemu naye. Jioni moja ya mwezi Agosti 1991 Faraja alikuwa akikatiza kando ya uwanja wa kikapu wa chuo, na ndoo ya maji kichwani, Mwalimu akasimamisha mazoezi ya wanachuo wake, akamwita, "Binti, tua ndoo hapo, hebu njoo uguse wavu huu." Faraja alidhani amekosea kupita pale, akaanza kuomba radhi, lakini Mwalimu akamwonyesha wavu kwa kidole, naye akaruka mara moja, peku, na khanga kiunoni, akaugusa, akatua, akageuka kuchukua ndoo yake. Mwalimu akasema, "Kesho njoo bila ndoo." Mama Martha hakupenda, maana maji yalikuwa ya kupikia, lakini Mzee Kasiani aliuliza swali moja tu, kama mchezo wenyewe unamtaka mtu mrefu au mfupi, na alipojibiwa kwamba unamtaka mrefu, Jumapili iliyofuata alirudi kutoka bandarini na pete ya chuma ya pipa, akaigongomea juu ya nguzo ya mnazi nyuma ya nyumba, na tangu siku hiyo hatukulala mchana tena kwa kishindo cha mpira.

Viatu vilikuwa kazi nyingine, kwa sababu mjini mzima hapakuwa na kiatu cha kike cha namba arobaini na nne, mpaka baharia mmoja wa meli ya korosho, aliyesikia shida hiyo kwa Mzee Kasiani, alipovua raba zake mwenyewe akampa, namba arobaini na sita, naye Mama Martha akazijaza sufi kwenye vidole, na kwa raba hizo Faraja alicheza miaka miwili. Alimaliza darasa la saba mwaka 1992, akaingia sekondari hapahapa Mtwara mwezi Januari 1993, akauwakilisha mkoa katika michezo ya shule za sekondari mara tatu mfululizo, na akahitimu kidato cha nne mwezi Novemba 1996, akiwa na urefu wa mita moja na sentimita themanini na nane, ambao haukuongezeka tena.

Mwezi Machi 1997 alikwenda Dar es Salaam, akapokewa na shangazi yetu Upendo, akajiunga na timu ya wanawake iliyoitwa Nyota ya Kurasini, akawa anacheza katikati, chini ya pete, mahali pa kugombea mpira na kuumizwa mbavu. Alikaa huko miaka minne, mchana akiwa karani wa ghala, jioni uwanjani, na katika mashindano ya mwezi Oktoba 2000 alionwa na viongozi wa klabu ya Palmar ya Maputo, wakamtaka akachezee kwao, huko ambako, alikuwa akitusimulia kwa mshangao uleule kila mara, wanawake wanalipwa mshahara kwa kucheza kikapu, na watu wazima wanajaza ukumbi kuwatazama.

Tarehe 6 Julai 2001 Mzee Kasiani alimsindikiza mpaka Kilambo avuke. Angeweza kutumiwa tiketi ya ndege akisubiri, lakini alisema anataka kuiona nchi ya bibi yake kwa miguu yake, basi akalala usiku mmoja kwa Bibi Atanasia, na asubuhi Bibi alimfuata mpaka majini, akamshika mkono, akasema, "Mimi nilivuka kuja huku ninakimbia, wewe vuka kwenda kule unatembea, na ukiwakuta watu wetu wasalimie." Alisafiri siku tisa kwa magari kufika Maputo, akipitia Mocimboa da Praia na Pemba na Nampula na Beira, na alipofika miguu ilikuwa imevimba, lakini kesho yake alikuwa mazoezini.

Miaka iliyofuata ndiyo aliyopenda kuikumbuka kuliko yote. Alipangiwa chumba kimoja na Farida, mchezaji wa kuongoza mashambulizi, Mmakua wa Nampula, mfupi kiasi cha kumfika kifuani, na kwa kuwa Faraja alikuwa amekua na majirani Wamakua Chikongola, walielewana usiku wa kwanza kabla hajajua neno la Kireno. Alituandikia barua ndefu, za kuzungushwa nyumba kwa nyumba mpaka zinachakaa, za dagaa wa kukaanga na mhogo wa nazi aliopika ili timu nzima ijue Mtwara ni wapi, za mashabiki waliompigia ngoma jukwaani kila akiruka, za baridi ya mwezi wa saba ambayo alisema inaingia mpaka kwenye meno. Palmar ilichukua ubingwa mwaka 2003 na mwaka 2004, na picha yake akiwa amebebwa na wenzake sita, huku Farida akiwa ameshika mguu mmoja tu kwa kuwa hakufika pengine, ilikaa ukutani kwa Mzee Kasiani mpaka alipoaga dunia.

Sasa tunafika mahali ambapo alituagiza tusipafiche. Mwezi Novemba 2005 klabu iliamua kubakiza mchezaji mmoja tu wa kigeni, na ilikuwa na mwingine kijana kuliko yeye, kwa hiyo kiongozi mmoja akamwita ofisini, akamwekea fomu mezani, akamwambia kwamba njia ipo, tena nyepesi, bibi yake ni mtu wa Mueda, basi aandike tu kwamba mama yake alizaliwa huko, naye mwenyewe pia, watu wa kutia saini wapo, na mwaka ukianza atakuwa raia, atabaki Palmar na ataitwa timu ya taifa ya Msumbiji kwenda mashindano ya Afrika. Faraja hakuwa ameitwa hata siku moja na timu ya taifa ya nyumbani. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, na mashindano ya Afrika ndiyo kitu alichokitaka kuliko kitu chochote duniani. Farida alimwambia, "Andika, dada, sisi wote tutanyamaza, na nani atakwenda Kilambo kuuliza?" Aliomba ruhusa ya wiki tatu, akaichukua fomu, akarudi nayo nyumbani.

Tarehe 27 Desemba 2005 familia ilikaa Kilambo, nyumbani kwa Bibi Atanasia, fomu ikiwa katikati juu ya mkeka. Mzee Kasiani alisema yeye hana neno, ni kazi ya mtoto na maisha ya mtoto. Aliyesema kwa nguvu ni Bibi, na alisema ndiyo, andika, "Hii si kuiba, hii ni damu yangu, mimi nimekaa hapa miaka hamsini naitazama nchi yangu kama mtu anayetazama chakula cha wenzake, leo mjukuu wangu anaitwa akavae nguo yao mbele ya watu, halafu mnaleta mjadala?" Faraja akasema, "Bibi, wewe ukisema umezaliwa kule unasema kweli, lakini mimi nikisema, nitakuwa nimemnyang'anya mama yangu siku aliyonizaa." Hapo ndipo Mama Martha alipofunika uso kwa khanga. Faraja aliikunja fomu, akaiweka mkobani bila kuiandika, naye Bibi Atanasia aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Klabu ilimwacha tarehe 16 Januari 2006. Alituambia asidanganywe mtu kwamba moyo wake ulikuwa mtulivu kwa sababu alitenda haki, haukuwa, alirudi Kilambo amejaa uchungu kama nyongo, akawa anaamka kulima muhogo na Bibi ambaye hamsemeshi, wanapeana jembe kama watu wa nyumba mbili, na mara mbili alijaribu kuandika barua ya kuomba fomu nyingine, akazichana zote mbili. Hali hiyo ilidumu miezi minne na nusu, mpaka siku moja mwishoni mwa Mei, wakiwa shambani, Faraja akasema tu, bila kutayarisha maneno, "Bibi, kwani wewe unazuiwa na nani kwenda?" Bibi Atanasia akaendelea kulima mistari miwili, kisha akajibu, jibu la kwanza tangu Krismasi, "Magoti."

Tarehe 11 Juni 2006 walivuka. Maji yalikuwa yamepungua na boti haikuweza kufika ukingoni ng'ambo, watu wakashuka kwenye tope, na Faraja akamweka bibi yake mgongoni, akamfunga kwa khanga kama mtoto, akatembea naye mpaka mchanga mkavu, naye Bibi juu ya mgongo ule mrefu akawa anapaza sauti kwa Kimakonde akiwaambia wavuvi wapishe, binti wa Mueda anarudi. Walifika Mueda siku ya nne. Wazazi wa Bibi walikuwa makaburini, kaka zake wawili walikufa vitani, lakini alikuwepo mdogo wake wa mwisho, ambaye alimwacha akiwa ananyonya, sasa mzee wa miaka hamsini na kitu, na watu wawili hao wasiojuana sura walikaa chini wakashikana mikono, na Bibi akamhesabia majina ya wakubwa wao wote, mmoja baada ya mwingine, naye akaitikia kila jina. Walikaa huko wiki tatu. Wakati wa kurudi, wakiwa garini, Bibi Atanasia alimwambia mjukuu wake maneno ambayo Faraja aliyaweka moyoni maisha yake yote, "Kumbe mimi nilikuwa nataka kwenda mwenyewe, nikataka wewe uniendee." Bibi alifariki tarehe 3 Mei 2007 hapo Kilambo, na Faraja hakuwahi mazishi yake, lakini alisema hakuwa na deni naye.

Hakuwahi kwa sababu alikuwa Beira, ambako tangu mwezi Septemba 2006 alipata nafasi katika timu ndogo iliyoitwa Farol, timu isiyowahi kuchukua kikombe chochote, yenye uwanja unaovuja mvua ikinyesha. Waliokuwepo wanasimulia kwamba alifika pale akawafundisha wasichana hao kugombea mpira kana kwamba wanagombea ndoo bombani. Siku ya Jumamosi, tarehe 22 Novemba 2008, Farol ikakutana fainali na nani, na Palmar ileile, mbele ya ukumbi uliojaa mpaka madirishani. Faraja alikuwa na miaka thelathini. Alifunga pointi ishirini na saba, na zikiwa zimebaki sekunde sita, Farol ikiongoza kwa pointi moja, Farida aliwapita mabeki wawili akaenda kufunga, Faraja akatoka upande wa pili wa uwanja, akaruka, akaupiga mpira ule ukagonga paa. Farol ilishinda pointi hamsini na nane kwa hamsini na saba. Farida tunaye hapa leo, amesafiri kutoka Nampula, na jana, uso umejaa machozi, alikuwa bado anashikilia kwamba ilikuwa faulo.

Mwaka 2009 ndipo timu ya taifa ya Tanzania ilipomwita kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka thelathini na mmoja, kwa mashindano ya kanda. Tulishika nafasi ya mwisho. Alipoulizwa na Fredi alijisikiaje, kwa kuwa alikuwa amekataa makubwa akapata hayo, alijibu, "Siku ya kwanza walipopiga wimbo nilisahau maneno ya ubeti wa pili, ndivyo nilivyojisikia." Goti la kushoto liliachia mwezi Aprili 2010 huko Beira, akafanyiwa upasuaji, akajaribu kurudi, likakataa, na tarehe 30 Juni 2010 alirudi nyumbani na begi moja la nguo na mawili ya viatu.

Alirudi kipindi mikorosho inachanua, na shamba la Mama Martha kule Nanyamba lilikuwa limevamiwa na ubwiriunga, maua yote yamekuwa meupe kama yaliyomwagiwa unga. Kituo cha utafiti cha Naliendele kilimtuma fundi wake wa shambani, Bwana Dickson Mbilinyi, mwenyeji wa Njombe, awafundishe wakulima kupuliza salfa, na alipomwona Faraja anapuliza mpaka matawi ya juu bila kupanda kitu, aliwaambia wenzake kwamba huyu ni bora kuliko mashine. Dickson anamfika Faraja begani. Alirudi kukagua shamba lile mara kumi na moja msimu ule, na mara ya kumi na moja Mama Martha alimwuliza, "Mwanangu, ugonjwa umekwisha mwezi mzima sasa, unakagua nini?" Walifunga ndoa takatifu tarehe 8 Oktoba 2011 mjini Mtwara, na mpiga picha alipotaka bwana harusi asimame juu ya ngazi, Dickson alikataa, akasema mke wake anaonekana vizuri zaidi akitazamwa kutoka chini. Mungu aliwajalia watoto wawili, Martha, mwenye jina la bibi yake, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 2012, na Mikaeli, aliyezaliwa tarehe 19 Mei 2015, aliyepewa jina la yule mwalimu.

Kuanzia Januari 2012 Faraja alikuwa matroni wa bweni katika shule moja ya wasichana hapa mjini, na kila jioni kocha, bila kuajiriwa kwa hilo na mtu yeyote. Uwanja aliukuta umeota nyasi. Aliufyeka, akaomba saruji kwa watu wa bandari waliomjua baba yake, akausakafia kwa mikono yake na wanafunzi wake. Wazazi wengine waliwakataza mabinti zao kuvaa kaptula hadharani, na hakugombana nao, aliwafuata majumbani. Mzee Hamisi wa Nanyamba, uliyepo hapa, utatuwia radhi tukilisema hili, ulimwambia kwamba binti yako Mwanahamisi hawezi kuonekana miguu na mji mzima, naye akakujibu, "Mzee wangu, mimi nitamvisha suruali mpaka kisiginoni na ushungi wake kichwani, miguu yake baki nayo wewe, mimi nipe mikono." Ukacheka, ukakubali. Mwanahamisi leo ni mchezaji wa timu ya taifa. Faraja hakuwa mwalimu mpole, alipiga kelele, alivunja filimbi mbili kwa kuzitupa chini, aliwahi kumfukuza mazoezini binti yake wa kumzaa kwa kuchelewa dakika nne, na jioni hiyohiyo akampikia wali wa nazi kwa majuto, lakini hakumwomba msamaha.

Ugonjwa ulianza mwezi Julai 2022, alipoona uvimbe katika titi la kulia akioga. Alinyamaza miezi minne kwa sababu timu ilikuwa na mashindano, na hili alituamuru tulisome kwa sauti, kwamba wanawake mliokaa hapa, ukiona kitu, usingoje timu, usingoje harusi, usingoje mavuno, nenda. Mwezi Novemba alipimwa katika hospitali ya rufaa ya mkoa ya Ligula, akapelekwa taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akafanyiwa upasuaji mwezi Januari 2023, akapata dawa na mionzi, akapona mwaka mmoja na zaidi, nywele zikaota, akarudi uwanjani. Ugonjwa ulirudi mwezi Oktoba 2024, na safari hii ulikuwa umefika kwenye mifupa. Jumamosi ya tarehe 31 Mei mwaka huu alimwomba Dickson ampeleke mazoezini, akaketi kwenye kiti pembeni ya mstari, akatazama saa nzima bila kusema, na tulipodhani amechoka tukataka kumwondoa, aliinua mkono akasimamisha mchezo, akamwita msichana mmoja mgeni, mrefu, aliyekuwa anacheza ameinama, akamwambia, "Simama wima, mwanangu, hukuiba." Ndiyo mara ya mwisho aliyotoka nyumbani kwa miguu yake.

Alilazwa Ligula tarehe 10 Juni, na siku ya Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, saa tano na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Mama Martha, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba, miezi mitatu na siku tatu. Ameacha mume, watoto wawili, mama, wadogo watatu, na mabinti ambao hata yeye hakujua idadi yao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ligula na wa Ocean Road, ambao walimweleza ukweli kila alipouliza. Tunawashukuru watumishi wa Naliendele kwa kumpa Dickson ruhusa mara nyingi tusizozihesabu, uongozi na walimu wa shule, watu wa bandari, wenzake waliotoka Maputo, Beira na Nampula, majirani zetu Waislamu wa Chikongola waliokesha nasi na kusimamia majiko siku hizi tatu, na wewe Farida, asante kwa kumwosha. Yule ambaye hatukumtaja asione tumemsahau, machozi yana ukungu.

Kuna tangazo moja la mwisho, na ni agizo lake. Kesho Jumamosi saa kumi jioni mazoezi yapo kama kawaida, Mwanahamisi atashika filimbi, na atakayechelewa kwa sababu ya msiba atakimbia mizunguko kumi kama mwingine yeyote.

Faraja, mtoto wa Kasiani na Martha, mke wa Dickson, dada yetu, umeruka vya kutosha, sasa tua salama mikononi mwa Mungu, upumzike kwa amani.